Russell Wilson na mpira wa yadi 1: mbona kila mtu analaumiwa isipokuwa aliyeurusha?

#1 Mzawa wa Kent
Wakuu habari.

Nipo jimbo la Washington, pembeni ya Seattle, na kila ikifika Februari hii hadithi inafufuka kazini. Super Bowl ya 49, fainali ya ligi ya mpira wa Kimarekani (NFL), tarehe 1 Februari 2015, Glendale, Arizona. Seahawks, timu yetu ya Seattle, wako nyuma 28-24 dhidi ya Patriots. Zimebaki sekunde 26, mpira upo yadi 1 kutoka mstari wa goli, na wanaye Marshawn Lynch, mkimbiaji ambaye kumwangusha peke yako ni shughuli. Lynch hapewi. Mpira unarushwa katikati ya msongamano, kijana Malcolm Butler wa Patriots anaunasa. Kwisha habari.

Huku ukimuuliza yeyote nani alipoteza ubingwa ule, jibu ni moja: kocha Pete Carroll. Mimi sikubali. Carroll hakurusha mpira. Darrell Bevell, kocha wa mashambulizi, hakurusha mpira. Aliyerusha ni kwotabeki Russell Wilson, yaani mrusha pasi wa timu, na kwotabeki analipwa mamilioni ajue lini asirushe. Angeutupa nje tu, walibaki na nafasi mbili zaidi. Mwenyewe baada ya mechi alisema lawama ni zake. Nyie mnamtetea mtu ambaye hajaomba wakili.

Karibuni. Matusi wekeni pembeni.

#2 Mtunza Saa
Mleta mada, umeanzia pabaya. Anza na saa ya uwanjani.

Sekunde 26, majaribio matatu, taimauti moja (ruhusa ya kusimamisha saa). Mkimbiaji akiangushwa ndani ya uwanja, saa inaendelea kutembea. Pasi isipodakwa, saa inasimama. Sasa mpe Lynch jaribio la pili, azuiwe: umeshachoma taimauti yako. La tatu ukikimbia tena ukazuiwa, watu zaidi ya kumi wamelaliana juu ya mpira, mpaka wainuke saa imekatika na la nne hulioni. Kwa hiyo ukitaka kuyatumia yote matatu, moja lazima liwe pasi. Ukirusha kwenye la pili, taimauti bado iko mfukoni na adui hajui la tatu utakuja vipi.

Carroll alieleza hivyo hivyo: Patriots walikuwa wameingiza watu wa kuzuia mbio, yeye ana wadakaji watatu uwanjani, akaona atumie jaribio moja kurusha kisha arudi kwenye mbio. Matokeo mabaya hayafanyi hesabu kuwa mbovu.

#3 Shabiki wa Jangwani
Jaribio la pili ndiyo mdudu gani? Mimi najua Yanga tu.

#4 Mtunza Saa
Timu inapewa majaribio manne kusogeza mpira yadi 10. Wakikaribia goli hivi, ni majaribio manne ya kuuvusha mstari. La kwanza Lynch alitoka yadi ya 5 mpaka ya 1. Yalibaki matatu. Sasa rudi Jangwani.

#5 Buda wa Nakuru
Hesabu ya #2 ni safi, lakini hujasema kwa nini zilikuwa 26. Lynch alipoangushwa na Dont'a Hightower pale yadi 1 ilikuwa imebaki karibu dakika nzima. Dakika nzima, bana! Kila mtu akamwangalia Bill Belichick, kocha wa Patriots, aombe muda ili kwotabeki wake Tom Brady apate sekunde za kujibu Seattle wakifunga. Hakuomba. Alisimama tu kando ya uwanja, vidole kwenye vifaa vya masikioni, uso haubadiliki. Seahawks nao wakaachilia saa itembee, wakabadilisha wachezaji, halafu wakaanza kukimbizana na muda ambao walikuwa nao.

Kwangu mimi mchezo ulipotea hapo, kabla mpira haujatoka mkononi mwa Wilson.

#6 Mzawa wa Kent
Mkuu Buda, unaniunga mkono au unanipinga? Maana kwotabeki ndiye anayepanga watu kwenye mstari na kuangalia saa.

#7 Buda wa Nakuru
Nakupinga. Mpango wa mchezo unatoka kwa Bevell, unapita redioni mpaka kwenye helmeti ya Wilson. Kijana anasubiri aambiwe. Asipoambiwa mapema, apange nini?

#8 Mpenda Rekodi
Niweke namba kidogo kabla uzi haujageuka kijiwe.

Lynch siku ile alikimbia mara 24 kwa yadi 102 na kufunga moja. Hapo mnaona alikuwa moto. Lakini msimu ule alipewa mpira akiwa yadi 1 mara 5, akafunga mara 1 tu. Upande wa pili, timu zote za ligi zilikuwa zimerusha zaidi ya pasi 100 kutoka yadi 1 msimu ule na hakuna hata moja iliyonaswa. Ya Wilson ndiyo ya kwanza.

Kwa hiyo ukiwa Carroll dakika ile, karatasi inakwambia pasi haina hatari.

#9 Mama Chapati Moto
Mara 5 ndiyo mnaita takwimu? Mtu katoka kutembea na watu mgongoni yadi 4, mnamwekea karatasi mbele.

Mimi ni mke wa shabiki wa Seahawks, tuko Tacoma. Mpira huu nimeuelewa kwa kulazimishwa. Mechi ile nilikuwa nakaanga mabawa ya kuku, sebule imejaa watu. Jermaine Kearse, mdakaji wetu, alipodaka ule mpira wa kabla ya yadi 1 akiwa chali, umegonga mguu, umegonga mkono, watu walipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Dakika moja baadaye sebule hiyo hiyo nasikia mafuta yangu yakichemka. Mjomba wa mume wangu alichukua koti akaondoka bila kuaga. Kuku hakuna aliyemgusa.

Na hakuna hata mmoja aliyesema "Wilson". Wote walikuwa wanauliza "kwa nini hawakumpa Lynch?"

#10 Kiona Mbali
Mnazunguka mbuyu. Ilishasemwa kitambo: uongozi haukutaka Lynch awe shujaa. Lynch alikuwa hazungumzi na waandishi, anapigwa faini, wiki ile anawajibu kuwa yupo pale ili asitozwe faini. Wilson ndiye mtoto mzuri wa matangazo. Walitaka afunge yeye achukue tuzo ya mchezaji bora. Fungueni macho.

#11 Mpenda Rekodi
@Kiona Mbali hiyo chai. Uvumi huo ulitoka kweli baada ya mechi, na Carroll aliukana. Lakini fikiria: kocha anayeongoza mpaka robo ya mwisho, anatafuta ubingwa wa pili mfululizo, aache kombe kwa ajili ya picha ya tangazo? Na kama alitaka Wilson ang'are, mbona amwambie arushe mpira wa hatari kuliko kumwacha akimbie nao mwenyewe pembeni? Wilson alikuwa na miguu.

#12 Kiona Mbali
Sawa, endeleeni kuamini kila mnachoambiwa.

#13 Kocha Mstaafu
Hilo la miguu ndilo lenyewe. Wote mnagombana pasi au mbio kana kwamba pasi ni aina moja.

Naomba tuingie ndani ya mchezo wenyewe. Kulia wamesimama wadakaji wawili mmoja nyuma ya mwingine: Kearse mbele, Ricardo Lockette nyuma. Mpango ni Kearse amzibe beki wa mbele na njia ya yule wa nyuma ifungwe na ule msongamano, Lockette akate ndani, apokee hatua mbili tu kutoka mstarini. Ni mchezo wa haraka: unapokea, unarusha. Wilson hana muda wa kuangalia mara mbili.

Sasa tazameni aliyesimama mbele ya Kearse: Brandon Browner. Huyu alikuwa Seahawks kabla ya kwenda Patriots, na ana mwili wa kujazia mlango. Akamshika Kearse palepale, hakusogea hata nusu hatua. Njia ya Butler ikabaki nyeupe. Wakati Wilson anaanza kurusha, Lockette anaonekana yuko wazi. Mpira ukiwa hewani, hayuko wazi tena.

Kwa hiyo kama mnatafuta wa kulaumu uwanjani, anzeni na Kearse aliyeshindwa kumtoa Browner. Mbona jina lake halitajwi?

#14 Mzawa wa Kent
Kwa sababu ndiye aliyewafikisha pale na lile dako la miujiza. Nani atamgusa?

Ila mkuu umenisaidia hoja. Ukirusha mpira wa kukata ndani karibu na goli, unaulenga kifuani au chini, mwili wa mdakaji uwe ukuta. Wilson aliupeleka mbele ya Lockette, juu juu. Ulikuwa mpira wa nani atawahi. Butler akawahi.

#15 Kocha Mstaafu
Nusu nakubali. Ungekuwa chini kidogo, labda unaanguka tu, saa inasimama, tunarudi kwa Lynch na uzi huu haupo. Lakini kumlaumu mtu kwa urefu wa kiganja kimoja wakati mchezo wenyewe umekwama mstarini, huo ni uonevu.

#16 Mshua wa Lindi
Bevell yeye alipoulizwa alisema Lockette angeweza kuwa na nguvu zaidi kwenye ule mpira. Yaani kocha anachagua mchezo, anamchagua mdakaji ambaye si hata tegemeo la kwanza la timu, unaharibika, halafu anamnyooshea kidole mdakaji! Mimi nilimwondoa kwenye watu wa heshima siku hiyo.

Lockette mwenyewe Novemba mwaka uleule aliumia shingo vibaya dhidi ya Dallas, na hakucheza tena. Watu wanamkumbuka kwa mpira ule mmoja tu. Inauma.

#17 Buda wa Nakuru
Hii ya #16 imenigusa kwa sababu nimefundisha raga shule moja huku Rift Valley. Fainali ya kaunti, tuko mita tano kutoka mstari, tumebakisha dakika moja, tumezidiwa pointi tatu. Wachezaji wetu wa mbele wanawasukuma wapinzani kama trekta. Kutoka kando ya uwanja mmoja wa walimu akapiga kelele mpira upelekwe nje kwa winga. Namba kumi wetu, mtoto wa kidato cha tatu, akatii, akarusha ndefu, winga wao akaruka katikati akaunasa akakimbia uwanja mzima.

Jumatatu kwenye paredi jina lililotajwa ni la mtoto. Mwalimu alikuwa amesimama palepale mstari wa mbele, mikono nyuma, anatikisa kichwa kama mtu aliyesikitishwa. Muhula uliofuata mtoto alihamia voliboli.

Ndiyo maana mimi Carroll namheshimu kidogo. Alijitokeza mbele ya kamera akasema uamuzi ni wake.

#18 Shabiki wa Jangwani
Hii inafanana na Asamoah Gyan 2010 na Uruguay. Dakika ya mwisho, penati, mwamba. Afrika nzima ililala na njaa.

#19 Mtunza Saa
Haifanani. Penati ni wewe na kipa, hakuna kocha redioni. Na Gyan dakika chache baadaye alirudi kwenye matuta akapiga ya kwanza akafunga. Wilson hakupata mpira mwingine siku ile.

#20 Shabiki wa Jangwani
Haya basi, narudi Jangwani.

#21 Mwana wa Bukavu
Jambo kwenu. Mimi niko Portland, Maine, nilifika 2019, na huku ni inchi ya Patriots, hata padri. Nimesoma yote kuanzia juu na naona kitu kimoja: watu ishirini wanatafuta nani alikosea, hakuna anayesema kwamba kuna mtu alifanya vizuri!

Malcolm Butler hakuchaguliwa na timu yoyote kwenye uteuzi wa wachezaji. Alitoka chuo kidogo, West Alabama, na kabla ya hapo alishafanya kazi kwenye duka la kuku wa kukaanga la Popeyes. Mazoezini kabla ya fainali, Patriots waliucheza mchezo huohuo wa Seattle, na Butler alipigwa bao: mwenzake Josh Boyce alimpita akadaka. Akaambiwa pale lazima awahi. Siku ya fainali alipoona wawili wamepangana vile, akakumbuka. Angalieni picha: anaanza kukimbia karibu sawa na Lockette.

Tena yule aliyekuwa na Kearse kwenye dako la miujiza ni nani? Butler. Aliugusa ule mpira, ukadakwa vilevile, lakini hakulala pale kulia. Aliinuka akamsukuma Kearse nje kwenye yadi 5. Bila kusukuma huko mechi imekwisha zamani.

#22 Mama Chapati Moto
Mwana wa Bukavu karibu sana. Umekuja na furaha zako kwenye matanga ya watu.

#23 Mwana wa Bukavu
Pole mama. Kuku mliwala kesho yake?

#24 Mama Chapati Moto
Wiki nzima.

#25 Mpenda Rekodi
#21 ameandika madini, na naongeza: Butler hakuwa hata kwenye kikosi cha kwanza. Aliingia kwa sababu beki mwenzake Kyle Arrington alikuwa anachanwa na Chris Matthews wa Seattle, mtu ambaye kabla ya siku ile hakuwahi kudaka pasi hata moja kwenye ligi. Matthews alimaliza na yadi 109. Yaani ubora wa Seattle ndio ulimleta uwanjani aliyewamaliza.

#26 Mshua wa Lindi
Ila jamani, ulinzi wa Seattle mbona umeachwa kwenye kesi hii? Walikuwa mbele 24-14 robo ya mwisho inaanza. Hakuna timu iliyokuwa imewahi kuachia uongozi wa pointi 10 robo ya mwisho ya Super Bowl mpaka usiku ule. Ulinzi uliosifiwa kuliko wote! Brady kwenye robo hiyo alifikisha pasi 13 kati ya 15. Danny Amendola akafunga, Julian Edelman akafunga. Wilson alikuwa amekaa benchi na chupa ya maji.

#27 Buda wa Nakuru
Ulinzi ulikuwa wodi, si ulinzi. Jeremy Lane alivunjika mkono robo ya kwanza baada ya kunasa pasi ya Brady, na aliyeingia badala yake, Tharold Simon, ndiye Brady alimwinda usiku kucha. Cliff Avril alitoka na jeraha la kichwa. Earl Thomas bega, Richard Sherman kiwiko, Kam Chancellor goti. Walikuwa wanacheza kwa plasta.

#28 Mshua wa Lindi
Kwa hiyo lawama ziende kwa daktari wa timu?

#29 Buda wa Nakuru
🤣🤣 Ziende kwa mfupa.

#30 Mzawa wa Kent
Nimesoma wote. Mmenitajia Carroll, Bevell, Kearse, Lockette, saa, ulinzi, mfupa, na tangazo la biashara. Lakini mtu mmoja ajibu hili: kwotabeki akiweka mpira kwenye goli, sifa anachukua nani? Wilson angefikisha ile pasi, leo tungesema ana makombe mawili kabla hajafika miaka 27. Mwaka uliotangulia waliwachapa Denver 43-8 na sifa alipewa yeye.

#31 Kocha Mstaafu
Hapo umeteleza mkuu. Mwaka wa Denver tuzo ya mchezaji bora alichukua Malcolm Smith, mtu wa ulinzi. Sifa zilienda kwa ulinzi.

Na tuwe wa kweli kuhusu mechi hii. Mpaka katikati ya robo ya pili Wilson alikuwa hajafikisha pasi hata moja. Akamaliza na 12 kati ya 21, yadi 247, mabao mawili, ukinaswa mara moja. Brady alinaswa mara mbili siku ileile, moja karibu na goli la Seattle. Nani anaikumbuka? Akachukua tuzo, na gari la tuzo akampa Butler.

#32 Kiona Mbali
Na Michael Bennett kuvuka mstari kabla ya wakati mnasemaje? Baada ya Butler kunasa, Patriots walikuwa wamebanwa kwenye mstari wao wenyewe, sekunde 20 zimebaki. Ukimwangusha Brady mle ndani, unapata pointi mbili na mpira unarudi kwako. Bennett akavuka mapema, wakasogezwa mbele, wakapumua. Halafu Bruce Irvin akaanzisha ngumi akatolewa. Hayo nayo ni bahati mbaya?

#33 Mtunza Saa
Kwa mara ya kwanza kwenye uzi huu Kiona Mbali ameleta kitu cha maana. Nafasi ilikuwa ndogo, lakini ilikuwepo.

#34 Kiona Mbali
Asante. Narudia: tangazo la biashara.

#35 Shabiki wa Jangwani
Nimerudi. Swali dogo nje ya mada: kuna Mwafrika Mashariki aliyewahi kucheza huu mpira au tunagombania sherehe ya wenyewe?

#36 Buda wa Nakuru
Daniel Adongo, Mkenya, mtu wa raga. Indianapolis Colts walimchukua 2013, akaingia uwanjani Desemba mwaka huo. Hakuwahi kucheza huu mchezo kabla. Alikuwa bado kwenye kikosi chao msimu huu tunaougombania, na Colts ndio waliofungwa na Patriots 45-7 kwenye mechi ya kuingia fainali.

#37 Shabiki wa Jangwani
45-7! Afadhali sisi na Simba.

#38 Mwana wa Bukavu
Miye nina swali kwa mleta mada. Februari 2018 Patriots walifungwa na Eagles 41-33 kwenye Super Bowl, na Butler huyuhuyu, mwaka mzima anacheza, Belichick akamweka benchi, hakucheza ulinzi hata mara moja. Huku Maine watu bado wanauliza sababu, na Belichick hajatoa iliyoeleweka. Brady siku hiyo alirusha yadi zaidi ya 500. Kwa kanuni yako ya "aliyerusha ndiye", kosa ni la Brady?

#39 Mzawa wa Kent
Dakika za mwisho mwisho Brady alipokonywa mpira mkononi na Brandon Graham. Kwa hiyo ndiyo, kidogo ni lake.

#40 Mwana wa Bukavu
Wewe una roho ngumu.

#41 Kocha Mstaafu
Anayo. Lakini hajajibu #13: Browner ameziba mlango, mpira umeitwa kutoka benchi, sekunde zinayoyoma. Tuambie Wilson angeona nini, kwa jicho lipi, kabla ya kuachia.

#42 Mzawa wa Kent
Naingia zamu ya usiku, nitajibu nikitoka. @Mpenda Rekodi naomba usiiguse ile #8, kesho naitaka.

#43 Mama Chapati Moto
Mume wangu amesoma uzi wote begani kwangu. Anasema mtoe jina la Lockette kwenye orodha na mumrudishe Bevell juu kabisa. Pia anauliza kama kuna mtu ana video ya upande wa nyuma ya goli.